Gari inachemsha kwenye foleni, fundi anataka kufungua silinda hedi. Nimruhusu?

Mwendo Pole

Habari zenu wakuu. Nina gari ndogo ya petroli, silinda nne, AC inafanya kazi vizuri. Ni muda sasa inachemsha. Nikiwa barabara kuu mshale wa temperecha unakaa karibu na katikati, nikiingia kwenye foleni unaanza kupanda mdogo mdogo hadi unagusa nyekundu. Nikizima nikasubiri, unashuka. Maji yanapungua kwenye rejeta ila nikipaki sioni hata tone chini.

Historia yake: mota ya feni ilikufa, ikafungwa nyingine. Hali haikubadilika. Ikatolewa themostati, ile vali ya joto inayozuia na kuachia maji yaende kwenye rejeta, nikaambiwa hicho ni kitu cha nchi za baridi. Hali ileile. Juzi fundi kafungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa inaunguruma, akaona mapovu, akasema gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imeungua, nimwachie gari afungue. Oili nimeangalia, safi. Moshi wa kawaida. Nina boksi la spana, jeki na stendi zake, na kuchafuka siogopi. Nianzie wapi kabla sijamwachia?

Tairi Kipara

Pole mkuu. Mapovu na maji kupotea hiyo ni gasketi, usijisumbue. Peleka hedi ikapigwe skimu, yaani isawazishwe uso, urudishe, maisha yaendelee.

Vumbi la Breki

Mwenye gari anasema oili safi, Tairi Kipara kashafungua hedi akiwa kitandani kwake 😂

Spana Kumi

Mwendo Pole, usifungue hedi bado. Ukishafungua, hata kama gasketi ilikuwa nzima, lazima ufunge mpya. Boliti za hedi kwenye injini nyingi za siku hizi hazirudiwi, zinavutika zikikazwa. Bado hujapima kama hedi imepinda, na hapo tunazungumzia upindaji wa chini ya sehemu ya kumi ya milimita, unahitaji rula iliyonyooka kweli na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia uwazi. Kazi hiyo inafanywa ukiwa na ushahidi mkononi.

Swali la kwanza kwa gari inayochemsha ni hili: inachemsha wakati gani? Wewe umelijibu kabla ya kuulizwa. Barabara kuu iko sawa, foleni inapanda. Gari ikiwa kwenye mwendo upepo unaingia wenyewe kwa mbele, feni haina kazi kubwa. Ikisimama, upepo wote unaopita kwenye rejeta ni ule unaovutwa na feni. Kwa hiyo kwenye gari yako mtuhumiwa namba moja ni feni na njia ya upepo.

Ingekuwa kinyume, yaani foleni imetulia ila ukikaza mwendo au ukipanda mlima inapanda, ningekupeleka kwenye mzunguko wa maji: rejeta iliyoziba ndani, mpira wa chini wa rejeta unaojibana pampu inapofyonza, mapezi ya wota pampu yaliyolika, na gasketi nayo ingeingia kwenye orodha. Ingekuwa inachemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, ningeuliza kwanza kama maji yamo, halafu themostati iliyogoma kufunguka, au hewa iliyokwama ndani.

Sasa hayo maji yasiyoonekana yanakoenda. Toa mfuniko wa rejeta, uugeuze. Kazi yake si kufunika tu. Una spring na mpira, na juu yake pameandikwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hiyo ni baa, kipimo cha mgandamizo. Maji matupu usawa wa bahari yanachemka kwenye nyuzi 100. Yakibanwa kwa baa 1.1 juu ya mgandamizo wa hewa, yanavumilia hadi kama nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Mpira wa mfuniko ukichanika, kinga hiyo imekwenda. Yanachemka mapema, yanasukumwa kwenye tanki la akiba, tanki likijaa yanamwagika na wewe uko kwenye mwendo. Ukipaki chini pakavu, unaanza kusingizia injini inakunywa maji.

Ila fungua mfuniko gari ikiwa imelala usiku kucha. Minya kwanza mpira wa juu wa rejeta kwa mkono. Ukiwa mgumu, ndani bado kuna mgandamizo, achana nao. Mfuniko ukifunguliwa wakati huo, maji yaliyokuwa yamebanwa yanachemka yote kwa mpigo na kuruka juu, na uso wako ndio ulio karibu. Kama juzi mtu kaufungua injini ikiwa moto na inaunguruma, mshukuru Mungu alitoka na macho yake.

Kwa hiyo asubuhi fanya haya. Mpira wa mfuniko, uchunguze kote, na ile vali ndogo ya katikati ivute kwa kucha uone kama inarudi. Kisha washa injini, washa AC, tazama feni. Kwenye gari nyingi AC ikiwaka na feni inawaka, hutakiwi kusubiri ichemke. Ikizunguka, chukua karatasi nyepesi uiweke mbele ya rejeta kwa nje, pale kwenye grili. Niambie karatasi imefanya nini.

Tairi Kipara

Karatasi tena? Si kaambiwa feni mpya ipo?

Spana Kumi

Ndiyo maana namwuliza.

Bi Honi

Wakati tunasubiri majibu, Mwendo Pole, ikikupandia tena barabarani usiendelee kwa kusema "nafika tu". Zima AC, fungua hita mpaka mwisho wa joto na feni yake ya ndani namba ya juu kabisa. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi, inatoa joto kwenye injini. Mshale usiposhuka ndani ya muda mfupi, paki, zima. Usimwage maji ya baridi juu ya injini, na usijaze maji baridi kwenye rejeta injini ikiwa inawaka moto. Hedi nyingi ni za aluminiamu, zikipoa ghafla upande mmoja zinapasuka, na hapo ndipo gasketi ya kusingiziwa inakuwa gasketi ya kweli.

Na jambo jingine. Ukiona mshale umepanda sana kisha ghafla umeanguka chini wakati bado unaendesha, usifurahi. Sensa inasoma vizuri ikiwa imezama kwenye maji. Maji yakiisha inabaki kwenye mvuke na hewa, inaweza kusoma chini wakati chuma kinaungua.

Vumbi la Breki

Bi Honi umenitisha, mimi wangu ukianguka huwa nasema alhamdulillah.

Mwendo Pole

Wakuu nimerudi na majibu.

Mfuniko: mpira wa chini una mpasuko, nikiukunja unafunguka kabisa. Vali ndogo ya katikati inacheza vizuri. Maji yalikuwa chini ya shingo ya rejeta, yana rangi ya kutu.

Feni: nimewasha AC, imezunguka papo hapo, kwa nguvu tu. Nikaweka karatasi kwenye grili. Sikuamini. Imerushwa mbele, ikaangukia miguuni kwangu. Nikarudia kwa kuweka kiganja, nasikia upepo wa moto unanijia.

Bi Honi

Ohoo.

Spana Kumi

Haya, mchawi wa kwanza ameonekana. Feni ya nyuma ya rejeta inatakiwa ivute hewa ya nje ipite kwenye rejeta iende kwenye injini. Yako inachukua hewa iliyokwisha kuchemshwa na injini na kuisukuma irudi mbele kupitia rejeta. Foleni haiwezi kukuacha salama. Ukienda mwendo wa wastani inapigana na upepo unaoingia. Ukikaza zaidi, upepo wa mbele unaishinda nguvu, ndiyo maana barabara kuu mshale unakaa karibu na sawa.

Kilichotokea ni rahisi kukisia. Mota ilipobadilishwa waya zilikatwa na kuungwa upya, chanya ikaenda kwa hasi. Mota za kawaida za waya mbili zinazunguka upande wowote kufuatana na umeme unavyoingia, hazilalamiki, haziunguzi fyuzi. Na mtu akiona tu feni inazunguka anaridhika.

Kabla hujashika waya, toa waya hasi wa betri. Feni ya umeme ina tabia ya kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, na vidole havioti tena. Fuata waya kutoka kwenye soketi ya feni hadi kwenye mota, tafuta maungio yaliyofungwa tepu. Kama mota ina waya mbili tu, zibadilishane, ziunge vizuri, zifunge. Kama ina waya tatu au nne, au kuna kiboksi cha kielektroniki juu yake, usibadilishe chochote kwa kubahatisha. Hiyo inadhibitiwa kwa namna nyingine, ukigeuza umeme unaiua. Ukimaliza, rudia karatasi. Inatakiwa inate kwenye grili.

Ukiwa hapo mbele angalia mambo mawili. Kava la plastiki linalozunguka feni lipo zima? Watu wanalivunja wakilitoa kisha wanaacha kulirudisha. Bila kava, feni inavuta hewa ya pembeni na sehemu kubwa ya rejeta haipati kitu. Na mulika tochi kati ya kondensa ya AC, ile inayofanana na rejeta iliyo mbele yake, na rejeta yenyewe. Pale katikati ndipo vumbi, majani na wadudu wanapojazana, na kwa mbele huwezi kuona. Safisha kwa maji ya mpira wa kawaida kutokea upande wa injini kuelekea mbele. Pampu ya kuoshea magari usiisogeze karibu, inalaza zile nyavu nyembamba na hewa haipiti tena.

Mwendo Pole

Ni waya mbili. Maungio yapo kweli, chini ya tepu nyeusi, rangi hazilingani: nyekundu imeungwa na nyeusi. Nimezigeuza. Karatasi sasa inanata, hata nikiachia mkono haianguki. Kava lipo, limelegea boliti moja, nimekaza.

Bado naogopa kwenda foleni. Mfuniko mpya nimeshanunua wenye namba ileile. Vipi kuhusu themostati, niache bila?

Tairi Kipara

Acha bila. Magari mangapi yanatembea bila themostati na hayajafa. Maji yakizunguka muda wote injini inapoa zaidi, hesabu hiyo haihitaji shule.

Spana Kumi

Hapa tutagombana Tairi Kipara, lakini kwa heshima.

Kwenye injini nyingi themostati ina sahani mbili. Ya juu ndiyo kila mtu anaijua, inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta. Ya chini inafunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Injini ikiwa baridi, njia ya mkato iko wazi ili maji yazunguke ndani tu na kupata moto haraka. Ikipata moto, themostati inafungua huku na kufunga kule. Ukiitoa, njia zote mbili zinabaki wazi, na maji hufuata njia iliyo rahisi. Sehemu yake inarudi kwenye injini ikiwa bado ya moto. Kwa hiyo kwenye injini za aina hiyo, kutoa themostati kunaweza kuongeza kuchemsha badala ya kupunguza. Mwendo Pole alitolewa themostati na hali haikubadilika, umeona.

Injini zisizo na hiyo sahani ya pili zinaugua ugonjwa mwingine: hazipati moto wa kutosha. Kompyuta inadhani bado asubuhi, inaendelea kumwaga petroli nyingi, nyingine inaingia kwenye oili. Ukichomeka mashine ya kupimia unakutana na kodi ya hitilafu P0128, maana yake maji hayafiki kwenye joto ambalo themostati ingeyafikisha. Injini imeundwa ifanye kazi kwenye nyuzi 90 hivi, si 60. Nchi iwe ya joto au ya baridi, ndani ya silinda hakuna tofauti.

Mwendo Pole, nunua themostati yenye joto lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kabla ya kuifunga ijaribu, hata kama ni mpya, kwa sababu nyingine zinatoka dukani zimekufa. Ifunge uzi, ining'inize kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, pasha polepole. Juu yake pameandikwa namba, tuseme 82 au 88. Karibu na namba hiyo utaiona inaanza kuachia, na nyuzi kumi hadi kumi na tano mbele iwe wazi kabisa, uwazi wa milimita nane au zaidi. Zima moto, ipoe, ijifunge yenyewe. Ikifaulu, ifunge spring ikiangalia ndani ya injini. Ukiona kijipini kidogo kinachochezacheza pembeni yake, kikae juu. Hicho ni cha kupitishia hewa wakati wa kujaza. Gasketi yake mpya, na usikaze boliti za kava kwa hasira, mengi ni ya aluminiamu au plastiki.

Tairi Kipara

Hiyo ya sahani mbili sikuwa naijua mkuu. Nimekaa pembeni nasoma.

Mwendo Pole

Nimeijaribu kwenye sufuria. Imeandikwa 88. Ilianza kuachia kipimajoto kikiwa kinasoma 87, kidogo tu, kama unene wa ukucha, halafu ikafunguka kwa mvuto mmoja. Watoto wamejaa jikoni wakidhani napika kitu.

Imeshafungwa. Sasa kujaza maji. Haya ya kutu nayamwaga yote?

Spana Kumi

Yote. Chini ya rejeta kuna koki au boliti ya kumwagia. Hakuna? Chomoa mpira wa chini. Suuza kwa maji safi mpaka yatoke meupe, kisha jaza kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta. Ikiwa umenunua isiyochanganywa, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa kwa kuchemshwa mvuke, yale ya kuongezea kwenye betri, si asidi. Maji ya bomba yana chumvichumvi zinazoganda kwenye vijia vya rejeta, na matupu bila kulanti ndiyo yaliyokuletea kutu. Kulanti tupu bila maji nayo haifai, inabeba joto vibaya kuliko ikichanganywa.

Rangi isikudanganye. Kijani, nyekundu, buluu, kila kiwanda kinapaka kinavyotaka. Angalia aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na usichanganye aina mbili, nyingine zikikutana zinaganda. Na yale ya zamani uliyomwaga, hata kama yana kulanti kidogo, usiyaache kwenye beseni. Kulanti nyingi ni ethilini glikoli, ina utamu, mbwa au mtoto akinywa ni sumu.

Sasa hewa, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu kazi nzuri. Pandisha pua ya gari kwenye mwinuko au kwa jeki na stendi, ili shingo ya rejeta iwe sehemu ya juu kuliko zote. Fungua hita mpaka mwisho. Kama injini ina skrubu ya kutolea hewa karibu na kava la themostati, ifungue hadi maji yatoke bila mapovu. Jaza polepole, minyaminya mpira wa juu na wa chini, utasikia unakoroma na maji yanashuka. Ongeza. Kisha washa injini, mfuniko ukiwa wazi, na simama hapo injini ikiwa bado baridi. Utaona mapovu. Usipige kelele ya gasketi. Mapovu ya hewa ya kujazia yanakuja kwa wingi, yanapungua, yanaisha. Maji yakianza kupanda shingoni kwa joto, funga mfuniko. Acha iendelee hadi feni iwake yenyewe na hita itoe upepo wa moto. Hita ikitoa baridi wakati mshale uko katikati, bado kuna hewa imekwama. Ikipoa kabisa, fungua, jazia, na tanki la akiba lijaze kati ya alama mbili.

Bi Honi

Ndiyo maana fundi aliona mapovu. Kila siku maji yalikuwa chini, pampu inafyonza hewa na kuizungusha.

Spana Kumi

Inawezekana sana Bi Honi, ila tusimalize kwa kukisia, maana gari hii imechemka mara nyingi na gasketi inaweza kuwa imeumia baadaye. Mwendo Pole, ikilala usiku mzima, ifanyie majaribio haya.

Mfuniko umefungwa, injini baridi kabisa, washa na ushike mpira wa juu. Joto halijafika, kwa hiyo mpira hautakiwi kuwa na mgandamizo wa maana. Ukikakamaa ndani ya dakika moja au mbili huku bado wa baridi, gesi ya kwenye silinda inaingia kwenye maji. Pili, siku nyingine ikiwa baridi, fungua mfuniko kabla ya kuwasha, washa, tazama mapovu. Yale ya gasketi hayaishi, na ukikanyaga mafuta yanaongezeka. Mtu akusaidie kukanyaga, wewe simama kwa pembeni, usiinamie shingo ya rejeta. Tatu, sikiliza asubuhi inapowaka: injini inamisi, yaani inatetemeka silinda moja ikiwa haichomi, sekunde za mwanzo na kutoa moshi mweupe mzito? Hapo maji yameingia kwenye silinda usiku.

Mafundi wenye vifaa wana kichupa cha dawa ya buluu kinachowekwa juu ya shingo ya rejeta na kuvuta hewa yake. Kwenye injini ya petroli, dawa ikigeuka njano, gesi ya moshi imo kwenye maji. Hiyo ndiyo ningetaka kuiona kabla ya mtu kugusa boliti ya hedi. Oili kugeuka rangi ya maziwa ni dalili ya kweli, lakini usisubiri mpaka uione, gasketi inaweza kuungua kati ya silinda na njia ya maji bila oili kuguswa kabisa.

Mwendo Pole

Majibu. Mpira wa juu ulibaki laini muda wote wa mwanzo, ukaanza kukaza tu themostati ilipofunguka na wenyewe ukawa wa moto. Mapovu: machache mwanzoni, yakaisha. Mdogo wangu kakanyaga mafuta, maji yalishuka kidogo shingoni yakarudi, hakuna povu. Haimisi. Moshi mweupe hakuna.

Foleni nimeenda. Nilipata yenyewe, ndefu, AC ikiwa imewaka. Mshale katikati, haujatikisika.

Bi Honi

Hongera! Ila mshale usiuamini sana. Kwenye gari nyingi za kisasa umetengenezwa ukae katikati hata joto likicheza kwa nyuzi nyingi tu, ili dereva asihangaike. Ukianza kuuona unapanda, mambo yameshakuwa mabaya. Tafuta kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ya kusomea kompyuta ya gari, chini ya usukani, kinatuma namba kwenye simu.

Mwendo Pole

Nimeazima cha jirani. Barabara kuu inasoma 88 hadi 90. Foleni bila AC inapanda hadi 96, feni inawaka, inashuka 91, feni inazima. Inarudia hivyohivyo. Hii ni sawa?

Spana Kumi

Hiyo ndiyo feni inayofanya kazi yake. Themostati inashikilia chini, feni inashikilia juu.

Kilichobaki ni maji. Kwa siku chache angalia tanki la akiba kila asubuhi kabla ya kuwasha. Mara ya kwanza au ya pili linaweza kushuka kidogo, hewa iliyobaki inatoka, jazia. Likiendelea kushuka baada ya hapo, kuna pa kuvujia. Hapo tafuta mtu mwenye pampu ya mkono ya kupimia rejeta, anaifunga badala ya mfuniko na kupandisha hadi namba iliyoandikwa kwenye mfuniko, bila kuizidisha. Ikishuka, mulika tochi: maungio ya mipira, mshono wa plastiki na chuma wa rejeta, na kitundu kidogo kilicho chini ya wota pampu. Kitundu hicho kimewekwa makusudi, sili ya pampu ikichoka maji yanalia hapo, na ukikuta michirizi mikavu yenye rangi ya kulanti umepata jibu. Kagua na zulia la abiria wa mbele. Likiwa limelowa na lina harufu tamu, rejeta ndogo ya hita ndiyo inavuja.

Dawa za kumimina za kuziba matundu usinunue. Zinaziba tundu na zinaziba hita pia.

Mwendo Pole

Tanki lilishuka mara moja, nikajazia, sasa limeganda kwenye alama. Fundi nimemwambia hedi haifunguliwi, kanuna. Asanteni sana wakuu, Spana Kumi ubarikiwe.

Vumbi la Breki

Mimi nadandia humuhumu jamani. Yangu ni kinyume. Foleni haina neno, nikipanda mlima na mzigo inakimbilia nyekundu. Nimeweka karatasi, inanata vizuri. Mfuniko mzima. Themostati ipo.

Spana Kumi

Vumbi la Breki, kwako feni inaachiwa huru. Anza na tochi kati ya kondensa na rejeta kama nilivyoeleza juu, hiyo haina gharama. Kisha injini ikiwa moto na gari imepaki gia huru, mtu akanyage hadi mizunguko 3,000 hivi, wewe tazama mpira wa chini wa rejeta bila kuingiza mkono karibu na mkanda au feni. Ukiuona unajibana na kulala, ama mpira wenyewe umechoka na ile spring yake ya ndani imeoza, ama rejeta haipitishi maji ya kutosha kulisha pampu. Ukibaki mviringo, azima kipimajoto cha kupiga kwa miale, pima uso wa rejeta kuanzia maji yanakoingia hadi yanakotokea. Joto linatakiwa lipungue taratibu. Ukikuta mabaka yaliyopoa katikati ya sehemu ya moto, hapo maji hayapiti, na rejeta hiyo ni ya kubadilisha. Gari automatiki au manyuo? Kama ni automatiki, mara nyingi gia boksi nayo inapoza oili yake ndani ya rejeta hiyohiyo, kwa hiyo kagua na oili ya gia kabla hujapanda mlima mwingine na mzigo.